Mtutu wa Kushoto

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea fundi wangu wa nguo gauni la kupunguza kiuno, pale Bungoma mjini, nikamkuta ameifungua cherehani yake na kuitia mafuta. Alikuwa na kipande cha flana kilicholowa mafuta mepesi, na harufu yake ilinifikia mlangoni kabla sijapiga hodi. Nilisimama na gauni mkononi kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, hajui kosa lake limejulikana kiasi gani.

"Mama, uko sawa kweli?" fundi akaniuliza.

"Niko sawa. Ni hiyo harufu tu."

"Hii ni mafuta ya mashini. Haina shida."

Nikakaa kwenye benchi nikangoja, na muda wote niliokaa pale sikuwa Bungoma. Nilikuwa nyumbani kwetu, kijijini Kwanza karibu na Kitale, nina miaka tisa, nimejibanza nyuma ya kochi, namtazama baba yangu akisafisha bunduki.

Bunduki ile ilikuwa ya babu. Babu aliendesha trekta miaka mingi katika shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale, na mzungu alipoamua kurudi kwao alimwachia bunduki hiyo pamoja na karatasi zake zote. Ilikuwa bunduki ya marisau, ile inayotawanya chembe ndogo za risasi, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu kama watoto wawili kitandani. Nyumbani tuliiita pacha. Kitako chake kilikuwa cha mbao nyeusi iliyong'arishwa na mashavu ya mzungu yule na ya babu, na ilikuwa na vifyatulio viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, kila kimoja na mtutu wake.

Babu alipofariki huko Kanduyi, bunduki ilikuja kwa Baba kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa, na kwa sababu ndiye aliyekuwa na leseni. Kanga walikuwa wakifukua mbegu zetu za mahindi kila msimu wa kupanda, na nyani walikuwa wakishuka kila msimu wa kuvuna. Lakini ndugu yake, Baba Mdogo Simiyu, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapo Kanduyi, ndiye aliyezunguka na babu tangu utotoni wakiwinda kwale, yeye akibeba ndege. Aliona bunduki ni yake. Siku ya matanga walirushiana maneno ndani ya nyumba ya babu. Sisi watoto tulikuwa nje, tunakula, na nilichosikia ni sauti ya Baba ikipanda, kisha mlango, kisha Mama akinishika mkono na kuniambia niache sahani, tunaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo jina la Baba Mdogo halikutajwa kwetu. Baba hakulikataza kwa maneno. Ukilitaja tu, alikuwa anaweka kijiko chini na kutazama dirishani mpaka chakula kiharibike ladha. Mama, ambaye ilimbidi wakati mwingine amtaje shemeji yake, akaanza kumwita "yule wa mbali." Wa mbali amepata mtoto. Wa mbali ameulizia hali ya Kukhu, nyanya yetu. Nami nikalizoea jina hilo kama mtoto anavyozoea jina lolote.

Kisha habari zikatufikia kwamba wa mbali amenunua bunduki yake mwenyewe, tena ya aina nyingine, mtutu mmoja ukiwa juu ya mwingine. Watu waliiita ghorofa. Walisema anazunguka nayo kwenye mashindano ya kulenga visahani vya udongo na kwamba hakuna anayemweza. Baba, ambaye hakutaka kumtaja mwenye bunduki, aliitaja bunduki kila siku.

"Ghorofa ni ya mtu anayesimama mahali pamoja," alimwambia Mama mezani. "Beba hiyo kitu asubuhi yote kwenye mabua ya mahindi uone kama mkono haitaanguka. Pacha ni nyepesi. Tena kanga akiruka hapa miguuni, kidole chako kiko kwa kifyatulio cha mbele. Akiruka kule, unaenda cha nyuma. Unachagua. Ghorofa ina kifyatulio kimoja. Inakuchagulia."

"Kunywa chai," Mama alisema.

"Mimi nasema tu."

"Najua. Chai inapoa."

Mwaka mmoja ulipita hivyo. Ndipo simu ikaja, jioni moja ya Jumatano. Tulikuwa na simu moja ya mkono ambayo ilikaa juu ya kabati, mbali na mikono yangu, na Mama ndiye aliyeipokea. Nilimwona akigeuka kutupa mgongo. Aliongea kidogo, akamkabidhi Baba, na Baba akatoka nayo nje. Aliporudi alikuwa na uso nisioujua.

"Wa mbali anakuja Kitale Jumamosi," alisema. "Kwa yale mashindano. Ameniuliza kama nitakuwepo."

"Na wewe utafanya nini?" Mama aliuliza.

"Nitaenda. Nitammaliza mbele ya watu wote. Nimechoka na hii maneno."

Mtu mzima anaelewa. Anajua kummaliza mtu kwenye mashindano ni kumshinda. Mimi sikuwa mtu mzima, na neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa namna moja tu, pale jirani yetu alipopigwa na wezi wa ng'ombe na watu wakasema walitaka kummaliza. Nililala na neno hilo Jumatano, nikalala nalo Alhamisi. Shuleni mwalimu aliniuliza nane mara saba nikamjibu sijui, mimi niliyekuwa nikijua.

Ijumaa baada ya shule Baba akatoa bunduki kwenye sanduku la chuma na kutandika gazeti juu ya meza. Hapo ndipo nilipojibanza nyuma ya kochi. Harufu ya mafuta ikajaa sebuleni. Aliondoa mitutu kwenye kitako, akaiinua kuelekea dirishani, akachungulia ndani yake, kwanza mmoja, kisha mwingine. Sikujua kwamba ameniona mpaka aliposema.

"Nekesa, njoo basi. Huwezi kujifunza ukiwa hapo nyuma."

Nikaenda nikasimama kando ya goti lake. Alikuwa mpole siku hiyo, na upole wake uliniogopesha zaidi.

"Ukiangalia hivi, utasema hii mitutu ni sawa. Si sawa," aliniambia, akipitisha kidole kwenye midomo ya bunduki. "Huu wa kushoto umebanwa kidogo hapa mwisho, ndiyo marisau yasitawanyike haraka. Kwa hivyo wa kulia ni wa karibu. Na wa kushoto ni wa mbali."

"Wa mbali?" nikauliza.

"Eeh. Wa kushoto ni wa mbali."

Kisha akachukua fimbo ya shaba ya kusafishia, akaifunga kitambaa, akausugua mtutu wa kushoto, akausugua tena, akachungulia, akasugua. Wa kulia aliusugua mara mbili tu. Nilihesabu. Alipomaliza aliinama akaupuliza, taratibu, kama mtu anayepuliza uji wa mtoto.

Usiku ule sikumwambia Mama. Mara nyingi watu huniuliza, nikiwasimulia habari hii, kwa nini sikumwambia. Jibu ni kwamba nilikuwa nimemwona. Alikuwa jikoni akisonga ugali, na mwiko wake ulikuwa unasimama katikati ya sufuria kila mara Baba alipokohoa sebuleni. Nilidhani anajua kila kitu. Nilidhani ameogopa kuliko mimi, na nikimwambia nitamvunja.

Jumamosi asubuhi bunduki ilikuwa kwenye mfuko wake wa ngozi, juu ya meza, mitutu upande mmoja na kitako upande mwingine. Baba alikuwa ananyoa ndevu nje, kwenye kioo cha dirisha la jikoni. Mama alikuwa anakamua ng'ombe. Nilisikia wembe ukigonga ukingo wa beseni, tik, tik.

Juma lililotangulia nilikuwa nimemwona Baba akiziba paipu ya tangi iliyopasuka. Alichomeka gunzi la mahindi, akaligonga na jiwe, na maji yakakoma. Hiyo ndiyo fizikia niliyokuwa nayo. Paipu ikizibwa, kilichomo hakitoki. Nilichukua makasi ya Mama, nikakata mkono mmoja wa sweta yangu kuukuu ya shule, ya buluu, nikaukunja na kuufinya mpaka ukawa kama yai. Nikausukuma ndani ya mtutu wa kushoto kwa fimbo ya shaba. Uliingia kwa shida, ikanibidi niweke tumbo langu juu ya fimbo na kusukuma kwa uzito wangu wote. Nilipofika katikati nikaacha. Nikachungulia kulia: niliona dirisha letu, dogo, la mviringo, na mawingu ndani yake. Nikachungulia kushoto: giza.

Nilijisikia vizuri. Lazima niseme ukweli huo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nilikula mkate wangu wote.

Mama ndiye aliyesema nipelekwe. "Nenda na mtoto," alimwambia Baba, akinivisha viatu vya kanisani. Baba akasema uwanja wa bunduki si mahali pa mtoto. Mama akasema, "Ndiyo maana nasema uende naye." Sasa najua alichokuwa anafanya. Alikuwa ananituma niwe kizuizi, mtu mdogo ambaye mbele yake wanaume wawili wangeona haya.

Uwanja wenyewe ulikuwa shamba la malisho upande wa magharibi wa Kitale, Mlima Elgon ukiwa nyuma yake umefunikwa na wingu mpaka kifuani. Kulikuwa na magari kama kumi na matano, wakulima na walimu na karani mmoja wa benki, wazungu wazee wawili waliobaki, na turubai moja lililouza chai na mandazi. Mbele, kwenye shimo lililozungushiwa magunia ya mchanga, kulikuwa na mashine iliyorusha visahani vya rangi ya machungwa. Mpigaji alisimama, akasema "Vuta," na kisahani kikaruka kama njiwa aliyeshtuliwa. Ukikipiga kinakuwa vumbi. Ukikikosa kinaanguka kwenye nyasi bila sauti.

Baba Mdogo alikuwa tayari amefika. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Alivaa koti la kahawia lililopungukiwa kifungo, na bunduki yake ilikuwa imefunguliwa na kuning'inia mkononi kama inavyotakiwa, na kweli ilikuwa ghorofa, chumba juu ya chumba. Aliona gari letu akaanza kuja. Baba akajishughulisha na mfuko.

"Umefika salama, ndugu," Baba Mdogo alisema.

"Salama."

"Na huyu ni Nekesa? Ati amekuwa mkubwa hivi?"

"Ni yeye."

Basi. Walisimama pale kama watu wanaosubiri daktari. Baba aliunganisha mitutu na kitako kwa haraka, vidole vikiteleza, macho yake yakiwa kwenye kifungo kile kilichopotea kwenye koti la ndugu yake. Siku zote alikuwa akichungulia mitutu kabla ya kufunga bunduki. Siku hiyo hakuchungulia. Nilimwona hakuchungulia, na nikafurahi.

Wanaume wengine walikuja wakawazunguka, kwa sababu kila mtu alikuwa amesikia habari za pacha na ghorofa. Mmoja akamuuliza Baba Mdogo kwa nini aliacha bunduki za kizamani. Alijibu kwa upole, akitazama chini.

"Kwa visahani tu. Hii jicho inaangalia mtutu mmoja, mstari mmoja. Hiyo ya mapacha inakuwa pana, inakufichia. Tena hii ikipiga inakuja nyuma moja kwa moja kwa bega, haikimbii kando. Ya pili unaipata haraka. Na ni nzito kidogo, ukiisukuma haitetemeki." Kisha akaongeza, "Lakini kwa shamba, kwa kutembea, sijaona kama ile ya marehemu Mzee."

Nilidhani Baba atafurahi kusikia hivyo. Aligeuka akaenda kuandikisha jina lake.

Kabla ya kuanza, mtunza uwanja alituita sote. Alikuwa mzee wa Kapsokwony aitwaye Kiboi, mwenye koti refu la mvua, na kila mashindano alianza kwa somo lile lile. Alishika ubao uliokuwa umepigiliwa kipande cha chuma kilichochanuka kama ganda la ndizi. Alikuja akakisimamisha mbele ya watoto watatu tuliokuwepo, kwa sababu wakubwa walikuwa wameshakisikia.

"Hii ilikuwa mtutu," alisema. "Mwenyewe aliruka mtaro, matope ikaingia. Kidogo tu, kama hii ya kidole. Hakuangalia. Akapiga. Sasa nyinyi mnafikiri risasi ilifanya nini?"

"Haikutoka," nikasema. Nilisema mimi, kwa uhakika.

"Haikutoka mbele," Mzee Kiboi alisema. "Moto ikizibiwa njia inatafuta njia ingine. Ilipasua chuma hapa, mahali mkono wa kushoto unashika. Vidole viwili tulitafuta kwa nyasi. Na jicho hakupata tena. Kwa hivyo bunduki tunaangalia kila mara. Hata kama umeangalia asubuhi."

Sijui nilisimama pale muda gani. Nakumbuka mandazi niliyokuwa nimeshika yaliloa jasho. Nilipogeuka, Baba alikuwa kwenye mstari, wa tatu kutoka mbele, na risasi zake zilikuwa zimevimbisha mfuko wa koti. Nilimtazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umeshika mitutu kwa chini, pale pale. Nilitazama kidole chenye pete.

Mtu wa mbele akapiga. Sauti iliniingia kifuani. Sasa Baba alikuwa wa pili.

Kumwendea sikuweza. Mwanamume aliyekuwa amekaza taya vile, mbele ya watu wake, nikamwambie nini, kwamba nimeharibu bunduki ya babu? Niligeuka nikamtafuta yule mmoja ambaye kila kitu kilikuwa kimefanywa kwa ajili yake. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa pikapu yake, peke yake, akinywa chai.

"Baba Mdogo," nilisema. Akaweka kikombe chini akachuchumaa. "Baba anataka kukumaliza. Na mtutu wa kushoto. Nimeuziba ili risasi isitoke. Lakini sasa itamkata vidole."

Hakucheka. Uso wake ulitulia tuli, kama maji yaliyoachwa kwenye beseni.

"Umeziba na nini?"

"Mkono wa sweta."

"Umesukuma mpaka ndani?"

"Mpaka katikati."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna mtu."

"Sawa. Kaa hapa kwa hii gari. Usitoke."

Alitembea. Hakukimbia, na hilo ndilo lililoniua, kwamba hakukimbia. Baadaye nilielewa kwamba mtu hakimbii kumwendea mwenye bunduki. Baba alikuwa ameshapiga hatua hadi mahali pa mpigaji na alikuwa anatoa risasi mfukoni, mbili, za rangi nyekundu. Baba Mdogo akaweka kiganja chake juu ya bunduki iliyofunguliwa.

"Ndugu. Kabla hujaanza. Tubadilishane."

"Nini?"

"Wewe pigia yangu. Mimi nipigie ya Mzee. Tumeongea mwaka mzima kwa midomo ya watu, hii ni nzuri, ile ni mbaya. Wacha leo tujue."

Watu wakasikia, na wakapenda. Mtu mmoja akasema, "Hiyo ni haki, bana." Baba alimtazama ndugu yake akitafuta mtego. Nilimwona akikunja ngumi juu ya zile risasi. Nadhani angekataa kama wangekuwa wawili tu. Lakini Baba Mdogo alikuwa ameshamnyoshea ghorofa yake kwa mikono miwili, kitako mbele, kama unavyompa mtu mzima kitu, na Baba hakuwa mtu wa kumwachia mtu mikono hewani.

Akaipokea. Wakabadilishana.

Baba alipiga jozi kumi kwa bunduki aliyoidharau mwaka mzima. Visahani viwili viwili vilirushwa, na alivunja kumi na sita kati ya ishirini. Kila alipovunja cha pili alionekana kushangaa. Watu walipiga makofi. Kisha ikawa zamu ya Baba Mdogo.

Nilimwona akigeuza mgongo, akainua mitutu juu, akachungulia. Alikaa hivyo sekunde moja zaidi ya kawaida. Kisha akashusha, akaweka risasi moja tu, kulia, akafunga bunduki.

"Umesahau ya pili," mtu akamwambia.

"Sijasahau. Hivi ndivyo Mzee alikuwa anapiga. Risasi moja, ndege mmoja."

"Si hapa ni mbili mbili?"

"Najua."

Akasema "Vuta," kisahani cha kwanza kikawa vumbi, na cha pili kikaenda zake mpaka kwenye nyasi huku yeye akikitazama. Mara kumi. Alikosa cha kwanza mara moja tu, akavunja tisa. Vingine vyote aliviacha vipite, akiwa amesimama na bunduki kifuani, mbele ya watu waliokuwa wamekuja kumwona yeye. Wale wanaume wakaanza kucheka kidogo kidogo. Karani wa benki akasema ghorofa imemaliza pacha, tena pacha ikiwa mikononi mwa mwenye ghorofa. Baba Mdogo akatabasamu, akasema kweli, leo amefunzwa.

Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama ndugu yake kwa jicho la mtu anayesoma barua ambayo ukurasa mmoja umepotea.

Baadaye Baba Mdogo aliniita nyuma ya pikapu. Alikuwa ameazima fimbo kwa Mzee Kiboi. Aliondoa mitutu, akasukuma, na kile kiyai cha buluu kikatoka kikiwa na mafuta meusi, kikaanguka kwenye nyasi. Tulikitazama sote wawili.

"Nani alikuambia anataka kunimaliza?"

Nikamweleza yote. Simu. Neno lile. Mtutu wa kulia wa karibu, mtutu wa kushoto wa mbali.

"Na wa mbali ni nani?"

"Ni wewe. Mama anakuita hivyo. Jina lako hatulitaji."

Akakaa chini kwenye nyasi, na koti lake la kahawia. Kisha akanieleza habari ya mtutu uliobanwa, na umbali wa ndege, na kummaliza mtu kwenye mchezo, polepole, akirudia pale nisipoelewa. Nilipoelewa nilianza kulia, maana nilikuwa nusura nimuue baba yangu bure.

"Usimwambie," nilimsihi.

"Nitamwambia, Nekesa. Nikificha nitakuwa nimekufundisha kuficha. Lakini nitamwambia mimi, si wewe."

Niliwatazama kutoka ndani ya gari letu, vioo vikiwa juu. Walisimama kwenye ua wa seng'enge, migongo kwangu. Baba Mdogo alikuwa anaongea. Kiyai cha buluu kilikuwa kwenye kiganja chake. Baba alikichukua, akakigeuza, akakirudisha, akakichukua tena. Kisha akaushika mti wa ua kwa mkono wa kushoto na kubaki ameushika. Hawakukumbatiana wala kushikana mikono, kama mnavyoweza kutumaini. Kila mmoja alirudi kwenye gari lake. Ilichukua miezi kabla Baba Mdogo hajakanyaga kwetu, na hata alipokuja, mara ya kwanza alikaa dakika chache tu, chai haijaisha.

Njiani hadi Kwanza nilijiandaa kwa kiboko. Nilifika nyumbani, nikavua viatu vya kanisani, nikaenda moja kwa moja uani ambako Mama alikuwa anapukuchua mahindi, nikakaa kando yake na kuanza kupukuchua, nikingoja kuitwa. Jua lilikuwa bado liko juu ya mikaratusi. Mama alinitazama, akatazama gari, akarudi kwenye mahindi yake.

Baba akaja. Badala ya kuniita, alivuta kigoda akaketi, akachukua hindi moja, akaanza kupukuchua pamoja nasi. Sikuwahi kumwona akifanya kazi ile. Punje zake ziliruka kila upande.

"Ulifikiri naweza," alisema mwishowe. Halikuwa swali, lakini nililijibu.

"Ndiyo."

Mikono ya Mama ikasimama.

"Wakati wa matanga," Baba alisema, akiongea na hindi lililo mkononi, "niliingia nikamkuta Simiyu ameshika hiyo bunduki ya Mzee kwa magoti yake. Hakuwa ameniuliza. Nilikuwa na hasira mbaya sana, Nekesa. Nilienda nikasimama kwa migomba peke yangu mpaka ikapungua. Kwa hivyo siwezi kukuambia ulikosea yote." Akachukua hindi jingine. "Lakini leo sikuwa na hiyo. Leo nilitaka tu kumshinda."

Ninapokumbuka utoto wangu, nadhani hapo ndipo baba yangu alipoacha kuwa mtu mrefu tu na kuwa mtu. Wakati ule sikuhisi hivyo. Nilihisi woga mpya, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

"Kuanzia leo," akaendelea, "ukiogopa kitu katika hii nyumba, usizibe kitu chochote. Uje uniambie mimi."

Nilipukuchua mstari mzima wa punje kabla ya kupata nguvu.

"Na kama ninayemwogopa ni wewe?"

Baba alinitazama, kisha akatazama mikono yake. Kuku mmoja alikuja akadonoa mahindi miguuni pake na hakuna aliyemfukuza.

"Basi umpigie baba yako mdogo," alisema.

Akasimama, akaingia ndani, nasi tukamfuata. Aliishusha simu kutoka juu ya kabati, akaiweka kwenye rafu ya chini penye vikombe. Akatoa penseli mfukoni mwa shati, akapiga magoti kando ya mlango, akanisimamisha ukutani ili aone macho yangu yanafika wapi. Hapo akaandika namba ya duka la Kanduyi kwa tarakimu kubwa kubwa, na juu yake, herufi kwa herufi, akaandika Simiyu. Aliniambia niisome kwa sauti. Nikaisoma. Akaifunika kwa kiganja chake, akaniambia niiseme tena, bila kuangalia.